Kidonge cha Asubuhi Bado Kipo Usiku

Dada mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, kaniandikia juzi. Harusi ya mdogo wake imebaki wiki tatu, gauni limeshashonwa na linabana. Saa moja asubuhi anameza fentermini, dawa ya kukata njaa, ya miligramu 37.5, kaletewa na binamu yake kutoka nje. Saa mbili usiku anameza kapsuli ya "mitishamba" ya kukata tumbo, aliyoinunua mtaa wa Ngamiani. Mafua yamempata, kaongeza kidonge cha mafua. Usiku wa pili huu hajalala, moyo unamwenda mbio na yeye kalala chali. Anauliza: "Kaka, niache kipi, cha asubuhi au cha usiku?"

Acha vyote vitatu leo, dada, ukapimwe presha. Kwa nini nasema hivyo ni hadithi ndefu kidogo, na wengi mnaosoma hapa mnapiga hesabu ileile: kimoja asubuhi, kingine usiku, havikutani. Vinakutana.

Fentermini huchukua kama saa 20 kupungua nusu tu. Uliyomeza saa moja asubuhi, saa tatu usiku zaidi ya nusu yake bado iko kwenye damu, na ya kesho utaiweka juu ya kiporo. Kazi yake ni kuufanya mwili umwage noradrenalini, kemikali ileile inayokupanda mbwa akikukurupusha kichochoroni. Njaa inakatika, lakini mishipa inabana na moyo unakimbia. Pseudoefedrini ya kwenye vidonge vya mafua hubana mishipa hiyohiyo. Ndivyo inavyozibua pua. Ongeza vikombe vitatu vya kahawa chungu barazani, na mirungi (ambayo sheria inakataza, na ndani yake mna kathinoni, ndugu wa damu wa amfetamini, dawa ya kusisimua mwili), basi hapo ni watu wanne wanamchapa punda mmoja.

Kapsuli ya usiku ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani, baada ya utafiti kuonyesha kwamba kwa wenye maradhi ya moyo inazidisha shambulio la moyo na kiharusi. Haikufa. Maabara za mamlaka za dawa zimeikuta mara nyingi ndani ya kapsuli zinazouzwa kama majani matupu. Kwa hiyo kapsuli ya majani ikikukata njaa siku ya kwanza na kukukausha mdomo, usiyasifu majani. Na kama unatumia fluoksetini kwa ajili ya sonona, sibutramini juu yake inaweza kurundika serotonini, kemikali ya ubongo na mishipa ya fahamu: jasho, kutetemeka, homa, kuchanganyikiwa. Fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa, hivyo kuiruka siku mbili hakukusaidii, na usiiache bila daktari wako.

Kuna wanaojibu kwamba hata madaktari huchanganya. Kweli. Marekani miaka ya 1990 walichanganya fentermini na fenfluramini, dawa nyingine ya kukata njaa, kila moja ikiwa na kibali chake, lakini mchanganyiko wenyewe haukuwa na kibali. Mwaka 1997 madaktari wa Mayo Clinic waliripoti wanawake 24 wenye vali za moyo zilizoharibika, na Septemba mwaka huohuo fenfluramini ikaondolewa. Dawa ile ilichochea nyama ya vali ikanenepa, vali ikawa kama mlango uliovimba kwa mvua, haufungi, damu inarudi nyuma. Mchanganyiko wenye kibali upo: fentermini na topiramati, dawa ya kifafa, Marekani tangu 2012. Unaanza na miligramu 3.75 za fentermini kwa 23 za topiramati, siku 14, ndipo unapanda. Mwanamke hupimwa mimba kwanza, kwa sababu topiramati inaweza kufanya mtoto azaliwe na mdomo sungura. Dozi ya juu haikatwi ghafla, isije ikaleta degedege. Linganisha na kapsuli ya Ngamiani.

Wa sindano za kupunguza uzito nanyi msicheke. Semaglutaidi, dawa ya sindano hizo, hubaki mwilini kama wiki tano baada ya sindano ya mwisho. Mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi au kuchoma insulini akiiongeza kimyakimya, sukari inaweza kumshuka hadi azirai.

Halafu kuna mkasi. Unaomba vidonge sita, muuzaji anakata karatasi ya vidonge, jina linabaki kwenye kipande cha dukani. Nyumbani una vidonge vyeupe visivyo na jina, na daktari wa hospitali ya Bombo akikuuliza umemeza nini, unamwonyesha rangi. Piga picha boksi kabla mkasi haujafika.

Presha nayo mnapima vibaya. Kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, usiwe umekunywa kahawa nusu saa iliyopita, mkono wazi usawa wa moyo. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Ukiona 180 kwa 120, au kifua kinauma, au upande mmoja wa mwili umelegea, ni hospitali usiku huohuo. Mapigo yahesabu dakika nzima. Yakizidi 100 umekaa kitako na hayashuki, kamwone daktari.

Gauni lipeleke kwa fundi. Kama alibakiza kitambaa kwenye mishono ya ubavuni, ataachia sentimita mbili kila upande, kazi ya mchana mmoja.