Mwalimu Anayehimizwa Kugombea Udiwani

SWALI: Mhariri, nimefundisha shule ya msingi ya serikali hapa Moshi kwa miaka 14. Wazazi wananihimiza nigombee udiwani wa kata yetu. Nianzie wapi, nami bado ninashika chaki?

JIBU: Mwalimu, hukatazwi kuwa mwanachama wa chama cha siasa, kinachokatazwa na maadili ya utumishi wa umma ni kufanya siasa saa za kazi au mahali pa kazi, hivyo kikao cha wazazi kisigeuke jukwaa lako, hata mzazi mmoja akikuomba kwa nia njema usimame useme neno. Chama ni lazima, kwa kuwa sheria zetu hazimruhusu mgombea binafsi, jambo ambalo kwa maoni yetu linawafungia nje walimu wengi wazuri.

Kabla ya kuchukua fomu, mwandikie mwajiri wako upate jibu la maandishi kuhusu hatima ya ajira yako. Mwalimu Nyerere naye alilazimika kuchagua: mwaka 1955 aliacha kufundisha Pugu ili aitumikie TANU.

Ubunge usiufikirie kwanza. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na huko daftari lako la mahudhurio litakufaa kuliko hotuba, kwani ukiwaonyesha wajumbe alama za utoro za siku ambazo mto ulifurika wakati wa masika na watoto wa ng'ambo wakashindwa kuvuka, ombi la kivuko litakuwa na ushahidi mezani.