Nilijibu "Hakuna", Kumbe Ipo: Hataza na Kazi ya Kuandika Viwango

Kama umewahi kupanda boti ya kwenda Zanzibar, unaujua ule wakati mhudumu anaonyesha namna ya kuvaa jaketi la kuokolea na hakuna anayemtazama. Watu wanatafuta siti isiyopigwa na jua. Hivyo ndivyo nilivyoupokea ukurasa uitwao Note Well siku ya kwanza nilipoingia kwenye kikao cha IETF, chombo kinachoandika kanuni za kiufundi za intaneti. Nilikuwa nyumbani Dar, usiku, feni inapiga kelele. Mwenyekiti akauonyesha ukurasa, akasoma mstari mmoja, akapita. Mimi nilikuwa jikoni naongeza sukari kwenye chai.

Ukurasa ule ulikuwa unaniambia kwamba nitakachosema kikaoni, nitakachoandika kwa barua pepe au kuweka kwenye rasimu, chote ni mchango rasmi. Na kwamba kama najua kuna hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi (patent), inayougusa mchango huo, iwe yangu au ya mwajiri wangu, lazima niitaje.

Wakati huo nilikuwa kwenye kampuni ya mita za maji za kulipia kabla. Mita zenyewe zilifungwa sehemu ambazo mtandao wa simu unakuja na kuondoka, na kila usomaji ulitumwa peke yake, kwa hiyo mwingi ulikuwa unapotelea njiani. Tukabuni dawa: mita ikusanye usomaji wa siku nzima, iupe namba, iutume kwa mkupuo, halafu seva idai zile namba tu ambazo hazikufika. Kitu chepesi, lakini kilifanya kazi. Nikakiandika kwenye rasimu niliyokuwa nashirikiana na wenzangu wawili wa nje, kurasa mbili hivi. Kikundi kazi kikaipenda. Kabla ya kuipokea, mwenyekiti akatuuliza waandishi kwa barua pepe, mmoja mmoja: unajua hataza yoyote inayoihusu rasimu hii? Nikajibu neno moja, "Hakuna", nikaendelea na kazi zangu.

Miezi michache baadaye, Ijumaa saa kumi jioni, wakili wa kampuni akanipigia. "Hii mliyoweka mtandaoni si ndiyo ile ya kwenye fomu uliyosaini?" Fomu gani? Akanitumia picha. Mwaka uliotangulia, katikati ya makaratasi ya likizo na ya bima, nilikuwa nimesaini kama mmoja wa wavumbuzi wa "njia ya kukusanya na kurejesha usomaji wa mita". Jina langu lilikuwa la pili kutoka juu. Maombi ya hataza yalikuwa yameshapelekwa, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia. Nami, kusema kweli, sikuwahi kuuliza.

Kanuni ya IETF, iliyo kwenye waraka wake uitwao RFC 8179 wa mwaka 2017, haikutumi ukapekue hataza za dunia nzima. Inakubana kwa kile unachokijua wewe binafsi, au ambacho kwa nafasi yako ulipaswa kukijua. Sasa mtu mwenye sahihi kwenye fomu ya uvumbuzi atasemaje hajui?

Jumatatu nikaandika kwa kikundi kizima kwamba jibu langu la awali halikuwa sahihi, na kampuni ikajaza tamko la hataza kwenye tovuti ya IETF. Aibu niliyoisikia sitaisahau, ila ukimya ungeniponza zaidi. Waandishi wa viwango wana kumbukumbu ya kisa cha kampuni ya kompyuta ya Dell. Mwaka 1992 mwakilishi wake kwenye VESA, chama cha kuandika viwango vya kompyuta, alithibitisha kwa maandishi kwamba kiwango cha VL-Bus, cha kuunganisha vifaa ndani ya kompyuta, hakigusi hataza ya Dell anayoijua. Kiwango kikapita, na ndani ya miezi minane kompyuta zaidi ya milioni 1.4 zikauzwa zikiwa nacho. Ndipo Dell ikawaambia wenzake kwamba ina hataza. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaingilia, na mwaka 1996 Dell ikakubali kutoidai hataza hiyo kwa watumiaji wa VL-Bus. Sahihi moja ikaifunga kampuni nzima mikono.

Kwetu mzozo ulihamia kwenye leseni. Mkurugenzi alitaka tutamke kwamba tutatoa leseni kwa masharti ya haki, ya kuridhisha na yasiyobagua, yale ambayo wenye fani huita FRAND. Yanasikika kiungwana. Shida ni kwamba "kuridhisha" haina bei. Motorola iliiomba Microsoft asilimia 2.25 ya bei ya bidhaa kwa hataza zake za Wi-Fi na za video, na Microsoft ikapiga hesabu ikaona ni zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2013 Jaji Robart wa Seattle akasema malipo ya haki ni kama dola milioni 1.8 kwa mwaka. Mgogoro wa namna hiyo kampuni yetu ya mita isingeuweza hata wiki moja. Kwenye simu za mkononi FRAND ndiyo desturi, lakini vikundi vya IETF kwa kawaida hupendelea teknolojia isiyo na hataza, au yenye leseni ya bure. Nilimweleza mkurugenzi hivyo mara mbili. Hakunielewa, au hakutaka. Kikundi kikaondoa kurasa zangu mbili, kikaweka njia nyingine ambayo, kwa maoni yangu, ni mbovu kidogo kuliko yetu, na rasimu ikasonga mbele.

Kwa hiyo kijana unayeanza, tafuta mkataba wako wa ajira usome kipengele cha uvumbuzi kabla hujaomba kuingia kamati yoyote, hata ile ya shirika la viwango la nchi yako. Na kama wazo ni lako mwenyewe na unalitakia hataza, peleka maombi kwanza, rasimu ifuate. Rasimu ikishakuwa hadharani, Ulaya itakuhesabu umeliua wazo kwa mkono wako, na hataza hupati. Marekani inakupa mwaka mmoja wa kuomba. Ofisi za kupokea maombi zipo: kwetu kuna BRELA, Kenya kuna KIPI, na unaweza kupitia ARIPO, shirika la kanda la Afrika lililoko Harare, kwa ombi moja linalotaja nchi kadhaa.

Hakimiliki nayo isikupite. Nimeona rasimu ya kamati iliyobandikwa kurasa nzima za kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, mpaka alama ya mnunuzi ikiwa bado inasomeka pembeni. Hati zile zinauzwa. Eleza kwa maneno yako, au taja namba ya kiwango.

Siku hizi, wiki mbili kabla ya kutuma chochote, namwandikia wakili: "Nataka kutuma rasimu kuhusu jambo hili na hili, sehemu muhimu nimeziambatisha. Tuna maombi yoyote yanayozigusa?" Mara nyingi anajibu "hapana" siku hiyohiyo. Mwezi uliopita alinijibu: "Ngoja kwanza." Bado nangoja.