Usipeleke urojo kikoani

Nianze na aibu yangu, maana ndiyo iliyonifunza. Miaka hiyo mimi na mashoga zangu, yaani rafiki zangu wanawake, ndiyo kwanza tumeanza kula kikoa, na siku hiyo tulipanga kwenda pwani ya Fumba, hapa Unguja. Nikajitia ubingwa, nikasema mimi naleta urojo, ile supu yetu nzito ya kutiliwa bajia na kachori. Embe mbichi nimeichemsha mwenyewe na kuisaga, manjano imekolea, ndimu ya kumkunja mtu uso. Nyumbani nikaonja nikajisifu. Halafu nikafanya ujinga: nikatia kila kitu ndani ya sufuria moja. Bajia humo, kachori humo, mbatata, mayai, chipsi za muhogo juu yake. Nikafunika, nikafunga kwa kanga, nikapanda daladala nimeipakata kama mtoto mchanga.

Tulipofungua pale chini ya mti wa mkungu, urojo haumo. Bajia zimeunywa wote, zimevimba, zimepasuka, kachori zimerudi kuwa mbatata za kuponda, na zile chipsi zimelala kama majani yaliyonyeshewa. Mwenzetu mmoja akachungulia, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Hili ni bokoboko?"

Basi tangu siku hiyo nina kipimo changu. Kabla ya kusema naleta nini, sijiulizi tena ni kipi nakijua kupika. Najiuliza chakula hiki kitakuwa katika hali gani baada ya saa mbili, kimeshapoa, kimetikiswa njiani, na mlaji amekaa mkekani hana hata sahani. Kikifaulu hapo, nakipika. Kisipofaulu, nakipika siku nyengine, nyumbani, kwa watu wangu.

Niseme kidogo juu ya kikoa, kwa vijana ambao neno hili hawalisikii sana. Wazee wetu walikuwa wakila kwa zamu: leo unapika wewe mnakula kwako, kesho napika mimi mnakula kwangu. Sisi tumegeuza kidogo, kila mmoja anakuja na sinia lake siku hiyo hiyo. Faida yake hakuna anayekesha jikoni. Hasara yake, msiposemezana mtajikuta na masinia matano ya maandazi. Yalishatupata hayo. Siku hizi mmoja wetu anaandika kwenye simu nani analeta cha chumvi, nani cha sukari, nani kinywaji, na nani vikombe. Vikombe husahaulika kila mara, kwa hiyo aliyepewa vikombe asiione kazi hiyo ni ndogo.

Chakula cha kwanza ninachompa mtu yeyote anayeniuliza ni mkate wa kumimina. Haumwagiki, hauchakai kwa kupoa, unakatika vipande vya kushika mkononi, na anayekula nyama na asiyekula wote wanaula. Tena ni mtamu zaidi ukishapoa kuliko ukiwa moto, na mimi kwa hili sibishani na mtu.

Ninavyoufanya mimi ni hivi. Vikombe viwili vya mchele naviroweka usiku. Asubuhi nauchuja maji vizuri, nausaga kwenye blenda na tui zito, kikombe kimoja na nusu hivi, tui la mkamuo wa kwanza lisilotiwa maji mengi. Humo humo natia kijiko kimoja cha chai cha hamira na hiliki. Unasaga mpaka ukichovya vidole viwili na kuvisugua husikii chenga. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanachoka mapema kwa sababu kwa macho unga unaonekana laini. Macho yanadanganya. Vidole vikisikia mchanga, na mkate utakuwa na mchanga.

Sukari siitii mwanzo. Ukiitia mwanzo rojo inalegea na kuumuka kunakuwa kwa shida. Naacha bakuli limefunikwa mahali penye joto, na kwa joto letu la kaskazi halimalizi saa moja. Usiende kulala! Tazama juu: kwanza vinatoka vipovu vidogo pembeni, halafu vinasogea katikati, halafu uso wote unakuwa kama povu la bahari na unapanda. Hapo ndipo natia sukari, robo tatu ya kikombe, na ute wa yai moja, nakoroga polepole, naacha upande tena kidogo. Ukichelewa utausikia kwa pua kabla ya kuuona, harufu kali ya uchachu, na hapo hata sukari ya kilo haitausaidia.

Sufuria iwe imeshapata moto na kupakwa mafuta kabla hujamimina. Ukimimina unatakiwa usikie sauti, "chiii" ndogo pembeni. Kwenye mkaa moto wa chini uwe mdogo, na vikianza kuonekana vitundu juu nafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko, ili uso upate rangi. Mwenye oveni hana shida hiyo. Mwenye gesi tu anaweza kuupika kwa moto wa chini kabisa, kisha akaupindua kwenye kikaango kingine kwa dakika mbili tatu. Mabibi zetu wataguna, lakini mkate unaiva. Mimi nakaa ghorofani Michenzani, na kupandisha gunia la mkaa ngazi zote zile kumenifanya niwe mtu wa gesi bila ya kupenda.

Na usiukate ukiwa moto. Nasema hivi nikijua hutanisikiliza.

Hapa nakumbuka kitu. Umeme wetu Unguja unatoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari na kutokea huko huko Fumba kulikoniaibisha. Disemba 2009 uliharibika, na kisiwa kizima tukakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Friji zikawa makabati ya nguo, blenda zikawa mapambo. Lakini watu hawakuacha kukutana, bali ndiyo kwanza walizidi kukaa barazani, kwani ndani ya nyumba bila feni nani angekaa? Kipindi kile ndicho kilichonitenganishia vyakula. Vya tui vililala mchana, vikaamka vimechacha jioni. Samaki wa kupaka, muhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, vyote hivi ni vya kula pale pale vilipopikwa. Vilivyobaki salama ni vilivyokaangwa vikakauka, vilivyookwa, na vyenye sukari nyingi. Mpaka leo, umeme umo, lakini nikipanga cha kubeba nafikiri kama friji haipo, kwa sababu pwani na barazani kweli haipo.

Kwa cha chumvi, mimi ni mtu wa bajia za kunde. Za dengu ni nzuri, lakini zikipoa hukausha koo. Za kunde hubaki laini ndani. Unanunua kunde zilizokobolewa, unaziroweka saa nne mpaka sita, unazichuja mpaka zisidondoshe tone, na unazisaga bila maji. Blenda italalamika, itanguruma, itakataa. Izime, koroga kwa kijiko, washa tena, usishawishike kuongeza maji. Ukiwa na kinu na subira, kinu kinashinda. Halafu tia thomu (kitunguu saumu), pilipili mbichi, kitunguu kilichokatwakatwa, kotmiri (majani ya giligilani), na chumvi.

Siri yenyewe haiko kwenye viungo, iko mkononi. Piga ule unga kwa mkono ndani ya bakuli, ukiuzungusha upande mmoja, mpaka uone umebadilika rangi na kuwa mweupe zaidi na mwepesi. Kisha dondosha kipande kidogo, kama punje ya njugu, ndani ya kikombe cha maji. Kikizama, endelea kupiga. Kikielea, mafuta yako yawe yameshapata moto. Kipimo hicho nilionyeshwa na mama yangu mkubwa huko Wete, Pemba, alikuwa haamini vijiko wala vikombe, akiamini maji tu. Sijawahi kutoa bajia ngumu tangu nilipoanza kumfuata.

Chatini yake ni ya nazi: nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, thomu, ndimu, chumvi, unasaga. Hii nayo ni nazi mbichi, kwa hiyo isage karibu na kuondoka na iliwe siku hiyo. Ikibaki imwage, usiionee huruma.

Katlesi watu wengi wanazipenda, na wengi wanaziogopa kwa sababu zinapasuka kwenye mafuta. Zinapasuka kwa maji. Mbatata ukizimenya kwanza ukazikata vipande ndipo ukachemsha, zimekunywa maji kama zile bajia zangu za Fumba. Chemsha nzima na maganda yake, zimenye zikiwa bado na joto, ziponde, kisha ziache wazi zitoe mvuke. Kima, yaani nyama ya kusaga, nayo ipike na thomu, tangawizi na ndimu mpaka sufuria ikauke kabisa. Changanya, finyanga, chovya kwenye yai, kaanga. Kwa kilo moja ya mbatata na nusu kilo ya kima utapata za kutosha watu kumi wasio walafi. Ukikosa nyama, jodari wa kuchemsha anafaa sana, na kuna siku nimetumia samaki wa kopo, hakuna aliyejua mpaka leo anaposoma hapa.

Vya sukari visikuumize kichwa. Visheti, kashata na vileja vinapikwa siku mbili tatu kabla, vinatiwa kopo lenye mfuniko unaobana, na vinakungoja. Vileja ndivyo ninavyovipenda zaidi: unga wa mchele, samli, sukari, hiliki, yai. Vinavunjika njiani, ni kweli, lakini hata chenga zake huwa zinagombaniwa na watoto.

Sasa kubeba. Nimewaona watu wanapika vizuri, wanaharibu mlangoni. Chakula cha kukaanga ukikifunika cha moto ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko, kinatoka jasho, na bajia iliyotoka ikilia "kacha" inafika imelegea. Ipoe kwanza kwenye sinia lenye karatasi, kisha ifunike kwa kawa. Kawa la ukili lina pumzi, mvuke unatoka na nzi haingii. Ukiwa huna kawa, kitambaa safi cha pamba. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku hapa kwetu, kwa hiyo chukua kikapu cha ukili na mambo yote yatakaa humo, kizito chini na chepesi juu.

Na ikiwa baada ya yote haya bado moyo wako unataka urojo, basi upeleke kwa akili. Rojo tia ndani ya chupa ya chai, itafika moto. Bajia na kachori kwenye kikapu, mbatata na mayai kwenye bakuli lao, chipsi za muhogo kwenye kopo, chatini na pilipili mbali. Kila mtu atajichanganyia mwenyewe kwenye bakuli lake, na mtu asiyependa ukali hatakulaumu. Nilifanya hivyo mara ya pili na heshima yangu ikarudi, ingawa chupa yenyewe ilinuka embe wiki nzima na mume wangu akawa anauliza chai hii ni ya aina gani.

Kwa asiyepika, au aliyerudi kazini saa kumi na hajashika hata kijiko, kuna matunda. Msimu wa shokishoki, fungu moja kutoka soko la Darajani likimwagwa katikati ya mkeka halina mpinzani. Nanasi likatwe nyumbani, kwa sababu pwani kisu hakipatikani na mikono itanata. Na kama mna wenzenu wenye ugonjwa wa sukari, msiwape maneno ya "onja kidogo tu". Wekeni muhogo wa kuchemsha na pilipili ya ndimu, karanga na maji ya madafu, muhogo na madafu viwe kidogo, nao wajisikie wamealikwa kama wengine.

Juu ya vyombo, sina la ziada ila hili: andika jina lako chini ya sinia kwa rangi ya kucha. Masinia yote ya Zanzibar yanafanana. Kwetu pia sahani ya mtu hairudishwi tupu, na ndivyo nilivyopoteza bakuli langu la bluu. Liliondoka na katlesi, likarudi kwangu na maembe, nikalipeleka kwa jirani na kaimati wakati wa futari, na sasa sijui limefika mtaa gani.

Mkate wa kumimina ukibaki, usiutie frijini, unakauka na kuwa kama gome. Ufunge kwa kitambaa. Asubuhi kata vipande vyembamba, viweke kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, mpaka sukari ya pembeni ianze kushika rangi, na chai ya mchaichai iwe tayari mezani kabla hujavitoa.