Imeili ya "benki": soma jina la mwisho

Nina steshenari ndogo Mwanjelwa. Naprinti, natoa kopi, nawasaidia vijana kutuma maombi ya ajira. Imeili za watu zinapita mbele ya macho yangu kutwa, kwa hiyo nilikuwa na kiburi kidogo. Niliona wanaoibiwa mtandaoni ni wale wasiosoma.

Ikafika Julai, baridi ya Mbeya ile ya kuvaa koti ndani ya duka. Nilikuwa nimechapa mitihani ya shule moja, wiki ya pili sasa nasubiri malipo. Asubuhi moja ikaingia imeili yenye jina la benki yangu. Nembo ile ile, rangi zile zile, Kiswahili kimenyooka: kuna fedha imeingia kwenye akaunti yako lakini imezuiliwa, hakiki taarifa zako kabla ya saa sita usiku. "Fedha imeingia." Hapo ndipo nilipokwisha. Nikabonyeza linki bila hata kukaa.

Ukurasa uliofunguka ulifanana na wa benki kabisa. Nikaweka jina la kuingilia na paswedi. Ukaniambia subiri namba ya uthibitisho, na kweli SMS ikaja, tena kutoka benki yenyewe. Nilishaanza kuandika tarakimu mbili za mwanzo nilipoona maneno yaliyoandikwa juu yake: namba hii ni ya kusajili kifaa kipya, usimpe mtu yeyote. Kifaa kipya kipi? Simu yangu ni ile ile yenye kioo kilichopasuka kona.

Nataka uelewe kilichokuwa kinatokea, maana wengi wanadanganyika hapa. Ile SMS haikuwa feki. Mwizi alikuwa amepokea paswedi yangu muda huo huo, akaipeleka kwenye mfumo halisi wa benki ili aunganishe simu yake na akaunti yangu. Benki ikafanya kazi yake, ikanitumia mimi namba. Ukurasa wa uongo ulikuwa umekinga mkono tu, unanisubiri niitumbukize. Kwa hiyo OTP, yaani hiyo namba ya uthibitisho, ikija, usikimbilie tarakimu. Soma sentensi nzima uone ni ya kufanya nini.

Nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi, siyo ile iliyokuwa kwenye imeili. Wakafunga huduma ya mtandaoni, nikabadilisha paswedi ya benki, halafu ya imeili pia, kwa sababu (naona aibu kuliandika hili) ilikuwa moja. Kesho yake akanipigia kaka mmoja mpole, eti wa kitengo cha usalama, "dada yangu, tumeona jaribio la wizi, nisomee namba uliyotumiwa." Nikakata. Namba yake nikairipoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kule tunakopeleka zile za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Jioni nikaifungua tena imeili, safari hii kwa jicho la mtu aliyetulia. Jina la mtumaji lilikuwa la benki, lakini nilipoligusa, anwani iliyo chini yake ilikuwa ya kampuni ya samani ya nchi nyingine. Jina hilo la juu mtu anajiandikia analotaka, halithibitishi chochote.

Linki nayo ishikilie kwa kidole bila kuiachia mpaka anwani yake nzima ionekane. Kwenye kompyuta weka mshale juu yake bila kubonyeza. Tuseme benki yako ni benkiyetu.co.tz, halafu unaona hivi: benkiyetu.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia. Ruka ile https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju (/) unaofuata, kisha rudi kushoto. Kilichogusana na huo mkwaju, hakiki-akaunti.com, ndiye mwenye ukurasa. Vyote vilivyotangulia ni mapambo. Sisi huku tunamjua mtu kwa jina la mwisho. Ukisikia linaanza na Mwa-, kama majina mengi ya Wanyakyusa, unauliza tu ni Tukuyu au Kyela. Anwani nayo inasomwa hivyo hivyo. Angalia pia herufi: kwenye kioo kidogo, "rn" inasomeka kama "m", na sifuri inakaa mahali pa "o".

Kile kikufuli ambacho baadhi ya vivinjari huonyesha pembeni ya anwani kisikutulize. Kinaonyesha tu kwamba mazungumzo yako na huo ukurasa hayasikilizwi njiani, na mwizi naye anaweza kuwa na kikufuli chake. Na ule ushauri wa zamani wa kutafuta makosa ya lugha sijui kama bado unafaa. Imeili iliyonipata mimi ilikuwa na Kiswahili kizuri kuliko barua nyingi ninazoprinti.

Kama umeshatoa taarifa zako na hela imeondoka, ipigie benki kwanza, hata kama ni usiku, kisha nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa uliyoripoti. Imeili usiifute, ndiyo ushahidi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, lakini hata sheria inahitaji kitu cha kushika.

Mwezi uliopita akaja mzee mmoja mstaafu, simu mkononi. "Shikamoo baba." "Marahaba binti. Niprintie hii ya benki." Nikaisoma: mafao yake, eti, yamesimama mpaka ahakiki akaunti. Nikamwambia ni wezi, na kwamba kwenye karatasi linki haitaonekana inakokwenda, itabaki nembo tu. Hakunibishia. Akalipa kopi yake, akaikunja mara nne, akapanda daladala kwenda kwenye tawi lake.

Alirudi saa nane, anacheka peke yake tangu mlangoni.

"Binti, wamenifungulia kompyuta wakaangalia. Mimi benki sijawahi kuwapa imeili. Hawanayo kabisa!"