Okidi zikiwa nje miezi ya joto: mjue kwanza anayezitafuna

Mkuu, umeuliza upulize dawa gani ili wanyama waache kula okidi zako, maana tangu uzitoe nje kila asubuhi unakuta majani yametobolewa na chipukizi limekatwa. Weka bomba la dawa pembeni kwanza. Kinachomzuia kindi hakimsumbui koa hata kidogo, na dawa isiyomhusu mlaji ni kazi bure.

Angalia jeraha lenyewe. Tundu lenye kingo zisizo sawa, na karibu yake mstari wa ute uliokauka unaong'aa, hiyo ni kazi ya koa au konokono. Jani lililokatwa safi kwa mshazari, kama kwa kisu, chini chini karibu na ardhi, ni sungura. Likiwa limechanwa na kuacha nyuzi zinaning'inia ni kulungu, kwa sababu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hubana na kuvuta. Panya huacha vijistari viwili viwili vya meno, hasa kwenye yale mashina manene yanayohifadhi maji, na vinyesi havikosi. Kindi huchimba: magome ya miti yaliyopandiwa okidi chunguni yametapakaa, mmea umeng'olewa, pengine haukuliwa kabisa. Ndege naye huchomoa kuvumwani juu ya chungu akajengee kiota. Usipoona dalili yoyote, toka na tochi saa mbili hivi baada ya giza kuingia, uangalie na upande wa chini wa majani.

Nikae kidogo kwa koa na konokono, maana hasara yao kubwa haionekani. Ncha ya mzizi wa okidi inayokua ni kijani au ya rangi ya zambarau, laini na inang'aa. Nyuma yake mzizi ni mweupe. Ncha hiyo ikiliwa, mzizi haurefuki tena. Utaendelea kumwagilia na kuweka mbolea huku mmea unanyong'onyea, na majani hayana hata alama. Mhalifu mara nyingi ni konokono mdogo wa kahawia, bapa, mwenye gamba la milimita 5 hivi, anayeishi ndani ya magome yenyewe. Jioni weka juu ya magome kipande cha kiazi kibichi au tango, kigeuze saa nne usiku au alfajiri. Ukiwakuta wengi, usihangaike na mitego: toa mmea, tupa magome yote, osha mizizi kwa maji yanayotiririka, kata iliyooza, panda upya kwenye magome mapya na chungu kilichosuguliwa.

Kwa makoa wanaotoka ardhini, usiweke chungu chini. Kiweke juu ya meza, na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo la maji lenye matone mawili ya sabuni ya maji. Maji humzuia koa, na sabuni huvunja utando wa juu wa maji, hata sisimizi wakazama badala ya kuvuka. Kinachoharibu mpango huu ni daraja: jani moja linalogusa ukuta au tawi la jirani linatosha. Maji yabadilishe kila wiki, yasije yakazalisha mbu. Chambo kiwe cha fosfeti ya chuma, punje chache tu zilizotawanywa. Mlaji huacha kula na kwenda kufia mafichoni, kwa hiyo usitarajie kuona mizoga. Chambo cha metaldehaidi sikishauri palipo na mbwa au paka, kinaua. Utepe wa shaba wa kuzungushia chungu ili koa asipande siutegemei. Kuhusu kahawa, ambayo husemwa kuwa inawafukuza koa, ni kweli watafiti wa Hawaii walichapisha mwaka 2002 kwamba kafeini ya asilimia 1 hadi 2 huua makoa na konokono, lakini kahawa ya kikombe haifiki nguvu hiyo, na machicha juu ya chungu huziba hewa ambayo mizizi ya okidi inaihitaji.

Kwa wenye manyoya, jibu ni kizimba. Fremu ya mbao za sentimita 4 kwa 4, na wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6. Wavu wa kuku wa milimita 25 unapitisha panya wadogo, na ule wa plastiki kindi anautafuna. Funika pande zote, na chini pia, kwani hapo ndipo watu wanaposahau na panya ndipo anapoingilia. Mlango uwe na komeo, usiegemeze tu. Acha sentimita 10 kati ya majani na wavu, la sivyo yatang'atwa kupitia kwenye matundu. Juu tandaza neti ya kivuli: inayozuia asilimia 50 ya mwanga inazifaa okidi za aina ya Cattleya, 70 hadi 80 zile za Phalaenopsis. Usizungushie plastiki, joto na unyevu vikikwama, utakuwa umewafukuza panya ukakaribisha uozo.

Kama kizimba hakiwezekani na shida ni kuchimbwa tu, kata duara la wavu uleule lienee mdomo wa chungu, lichane hadi katikati, livishe kuzunguka shina, kisha liegemee kwenye ukingo. Kindi akigusa waya mara mbili tatu huwa anahamia kwingine.

Pilipili ni msaidizi tu. Chemsha vijiko viwili vya pilipili ya unga katika lita moja ya maji, ipoe, chuja kwa kitambaa, ongeza matone machache ya sabuni, upulizie chungu na magome jioni. Usipulizie maua wala ncha za mizizi. Mvua ikinyesha, rudia. Ndege hawausikii ukali wake, kwa hiyo kwao ni neti. Na kama unatumia mbolea ya samaki, damu au mifupa, acha mpaka uzirudishe okidi ndani; harufu hiyo ndiyo inayowaita.

Mmea uliokwisha liwa ukate kwa wembe uliopitishwa motoni, hadi kwenye nyama nzima, upake mdalasini wa unga kwenye kidonda cha jani tu, kwani mizizi unaikausha. Usimwagilie juu kwa siku tatu. Cattleya iliyopoteza chipukizi mara nyingi huamsha jicho lingine chini ya shina. Phalaenopsis iliyoliwa kitovu, yaani katikati panapochipua majani mapya, haitatoa tena jani pale juu, lakini usiitupe: ikiwa mizizi na majani mawili matatu ni mazima, inaweza kutoa mtoto ubavuni baada ya miezi kadhaa.

Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, rudisha Phalaenopsis kwanza. Zamisha kila chungu kwenye ndoo ya maji hadi ukingoni kwa dakika 20, sisimizi watoke, kagua matundu ya chini, kisha kitenge na vingine wiki mbili.