Maswali na Majibu: Acheni kufuta mabano mojamoja

Maswali mengi ya safari hii, ukiyachambua, ni swali moja. Mkono umezoea kushika herufi, ilhali msimbo umejengwa kwa vipande vilivyo ndani ya vipande vingine. Naanza na lililoulizwa mara nyingi kuliko yote.

Natumia Vim. Nikitaka kubadilisha yaliyo ndani ya mabano nabonyeza `x` mpaka yaishe. Kuna njia fupi? (Makorora, Tanga)

Ipo, tena imo ndani ya Vim yenyewe, kihariri hicho cha maandishi, haihitaji plagini (programu ya nyongeza). Kabla hujagusa kitufe, jiulize kitu unachotaka kukibadilisha kinaitwaje: ni neno, ni maandishi ndani ya alama za kunukuu, au ni yaliyomo kwenye mabano? Ukishakitaja, amri inafuata mpangilio mmoja: kitenzi, mpaka, kitu. `c` ni badilisha, `d` futa, `y` nakili. `i` ni cha ndani peke yake, `a` ni pamoja na ganda lake. Halafu kitu chenyewe: `w` neno, `"` nukuu, `(` au `[` au `{` mabano, `t` tegi za HTML, `p` aya.

Chukua mstari huu:

`lipa(hesabu(uzito, bei), "Pangani")`

Kishale kikiwa juu ya `uzito`, `ci(` inafuta `uzito, bei` na kukuacha katikati ya mabano matupu, tayari kuandika. `c2i(` inapanda ngazi moja na kuondoa yote yaliyomo ndani ya `lipa(...)`. `da(` inaondoa mabano na vilivyomo, lakini jina `hesabu` linabaki likining'inia, na hapo ndipo wengi wanapokosea wakidhani wamefuta mwito mzima wa funksheni, jina na mabano yake. Kwa mwito mzima, peleka kishale kwenye `h` ya `hesabu` kisha `d%`.

Kuna tofauti moja inayowatesa watu bila wao kuijua. `ci"` inatafuta nukuu mbele kwenye mstari uleule hata kama kishale hakijafika, kwa hiyo ukiwa bado juu ya `uzito` itaifikia `"Pangani"`. `ci(` kwenye Vim za zamani haitafuti mbele hivyo: humo kishale lazima kiwe ndani ya mabano au juu ya bano. Amri ikikataa, usiilaumu kibodi, angalia ulipo.

Na ukishabadilisha mara moja, nenda kwenye kitu kinachofuata ubonyeze nukta, `.`. Kitendo kizima kinarudiwa pamoja na maandishi uliyoingiza. Hii ndiyo faida kubwa ya kushika kipande kizima. Ukifuta kwa `x` kumi na mbili, nukta itarudia ile `x` ya mwisho tu.

Nitatokaje kwenye Vim? (wasomaji wanne)

`Esc`, kisha `:wq` kuhifadhi na kutoka, au `:q!` kutoka bila kuhifadhi. Swali hili limejibiwa vya kutosha. Andika `vimtutor`, somo la Vim, kwenye terminali, ukae nalo kama nusu saa, ndipo uje na swali jingine.

Nimeweka Paredit kwenye Emacs ili niandike Clojure, lakini sasa inakataa kufuta bano. Niiondoe? (Ngamiani)

Usiiondoe. Paredit ni nyongeza ya kihariri cha Emacs inayolinda mabano ya lugha za jamii ya Lisp kama Clojure, na kukataa huko ndiyo kazi yake. Bano likifutwa peke yake, mwenzake anabaki, na kuanzia hapo kihariri hakijui tena wapi kipande kinaanzia na wapi kinaishia. Kwa hiyo ukirudi nyuma kwa kitufe cha kufuta ukakuta orodha yenye vitu, Paredit inavusha kishale tu. Ukiwa na sababu ya kweli ya kulazimisha, bonyeza `C-u` kabla ya kitufe cha kufuta (kwenye Emacs `C-` ni Ctrl, `M-` ni Alt). Ukihitaji sababu hiyo kila siku, ujue bado unahariri herufi.

Badala ya kufuta bano na kuliandika upya mbele, lisogeze. Kishale kikiwa ndani ya mabano haya:

`(jumlisha bei) ushuru`

`C-)` inameza kilicho jirani, unapata `(jumlisha bei ushuru)`. `C-}` inakitapika, unarudi ulipotoka. `M-s` inavua ganda: ukiwa ndani ya orodha ya ndani, `(jumlisha (bei ushuru))` inakuwa `(jumlisha bei ushuru)`. `M-r` inapandisha: kishale kikiwa mwanzoni mwa `(lipa bei)` ndani ya `(if kweli (lipa bei))`, ganda lote la nje linaondoka na kubaki `(lipa bei)`. Ukizijua hizi nne, kumeza, kutapika, kuvua na kupandisha, umeshapata sehemu kubwa ya kazi. Usihangaike na zilizobaki mpaka vidole vizoee hizi.

Mambo mawili yanaharibika mara kwa mara. La kwanza, Emacs inayofunguliwa ndani ya terminali: terminali nyingi hazina njia ya kupitisha `C-)`, unabonyeza na hakuna kinachotokea. Tumia `C-` pamoja na mshale wa kulia, na nao ukigoma jiwekee kitufe chako:

`(define-key paredit-mode-map (kbd "C-c s") 'paredit-forward-slurp-sexp)`

La pili ni kubandika msimbo nusu kutoka kwingine. Paredit inalinda unachoandika kwa mkono, lakini kipande kilichobandikwa kikiwa na bano pungufu kinaingia nalo. Baadaye unafungua faili hilo na Paredit inakataa kuwaka kwa sababu mabano hayalingani. Endesha `M-x check-parens`, itakupeleka palipoharibika. Rekebisha hapo kwanza. Tabia ya kwenda mwisho wa faili na kuongeza `)))` mpaka kelele zikome ni mbaya mno: msimbo utakubalika, lakini matawi yatakuwa yameshikana pasipo mahali pake.

Python haina mabano ya kufunga vipande. Kwa hiyo haya mambo hayanihusu? (Muheza)

Yanakuhusu kuliko mwenye mabano. Yeye akikosea, kompaila inampigia kelele. Wewe ukikosea, programu inaweza kukubali na kukupa jibu la uongo. Tazama:

```
def jumla(matenga):
    idadi = 0
    for tenga in matenga:
        idadi += tenga
    return idadi
```

Sukuma `return` nafasi nne kulia. Hakuna kosa litakaloonyeshwa, lakini funksheni sasa inarudi baada ya tenga la kwanza. Tenga zote za machungwa zilizobaki hazikuhesabiwa, na mwenye shamba atalipwa kwa tenga moja. Kosa hilo hutokea hasa wakati wa kuhamisha na kubandika mistari.

Basi, kwenye Vim bandika kwa `]p` badala ya `p`: inaupanga ujongezo (nafasi za mwanzo wa mstari) wa ulichobandika ulingane na mstari uliopo. Kusogeza mstari mmoja ni `>>` au `<<`. Kusogeza kadhaa, teua kwa `V` kisha `>` au `<`, na nukta inarudia. Weka `set expandtab shiftwidth=4 softtabstop=4` ili kitufe cha Tab kiingize nafasi za kawaida. Ukichanganya tabo na nafasi kwa namna isiyoeleweka, Python 3 inakataa kwa `TabError`, na hapo shukuru kwamba angalau imesema.

Kwa kuruka, `filetype plugin on` ikiwa imewashwa, `]]` inakwenda kwenye funksheni au klasi inayofuata ya ngazi ya juu kabisa, na `]m` inakwenda kwenye inayofuata ya ngazi yoyote. Kushika funksheni nzima: Emacs ni `C-M-h`, Helix, kihariri kingine cha terminali, ni `maf`. Neovim, ambayo ni Vim iliyoendelezwa, inataka plagini ya vitu vya Tree-sitter, na ndipo msomaji afuataye alipokwama.

Neovim inaniambia haioni kompaila ya C nikitaka kuweka Tree-sitter ya Python. Kompaila ya C na Python wapi na wapi? (Chumbageni)

Tree-sitter inausoma msimbo wako na kuujenga kuwa mti wa sintaksia, na kila lugha ina kisomaji chake. Hicho kisomaji kimeandikwa kwa C, hupakuliwa kama msimbo mtupu, kisha hujengwa kwenye mashine yako. Kwenye Ubuntu: `sudo apt install build-essential git`. Kabla ya hapo endesha `nvim --version`. Ubuntu 22.04 inakuja na Neovim 0.6.1, na plagini za sasa hazitaki toleo la zamani hivyo. Watu wanamaliza vifurushi vya intaneti wakipakua plagini ileile mara tano, wakati tatizo ni toleo. Emacs nayo, tangu 29, ina Tree-sitter ndani, lakini visomaji vya lugha unavileta mwenyewe kwa `M-x treesit-install-language-grammar`, na git na kompaila zinahitajika vilevile.

Nakuonya na jambo ambalo hukuuliza. Mti huo ni mzuri kadiri msimbo ulivyo mzima. Ukiacha nukuu haijafungwa, kisomaji kinaweka nodi (tawi la mti) ya kosa mahali hapo, na nodi hiyo inaweza kumeza mistari mingi ya chini. Ukipanua uteuzi wakati huo utashangaa nusu ya faili imeteuliwa. Funga ulichofungua kwanza, ndipo uushike mti.

VS Code inaweza? (Pangani)

Inaweza. `Shift+Alt` na mshale wa kulia inapanua uteuzi kipande kwa kipande, mshale wa kushoto unaurudisha. `Ctrl+Shift+\` inaruka kwenye bano mwenza. `F2` inabadilisha jina la kitu kila kinapotumika. Usibadilishe jina kwa kutafuta na kubadilisha maandishi. `bei` imo pia ndani ya `beiYaJumla` na ndani ya ujumbe anaousoma mteja.

Nikibonyeza `C-M-t` kwenye Emacs inafunguka terminali mpya. (Mabawa)

Ubuntu imeikamata amri kabla haijafika Emacs. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi, uondoe njia ya mkato ya terminali, au bonyeza `Esc` uiachie, kisha `C-t`: kwa Emacs ni kitu kilekile. Amri hii inastahili usumbufu huo. Kishale kikiwa kwenye mkato wa `hesabu(bei, uzito)`, inabadilishana hoja mbili na kupata `hesabu(uzito, bei)`, mkato ukibaki mahali pake. Ila kwenye moda ya kawaida ya Python angalia vitone: katika `hesabu(mzigo.bei, uzito)` kinachobadilishwa ni `bei` na `uzito`, unaishia na `mzigo.uzito, bei`.

Helix kwenye Mac: nikibonyeza `Alt-o` inatoka `ø`. (Bagamoyo)

Kitufe cha Option kinaandika herufi maalumu. Kwenye mipangilio ya terminali yako, kiambie kifanye kazi kama Meta, yaani Alt. Halafu `Alt-o` itapanda kwenye tawi la juu, `Alt-i` itashuka, `Alt-n` na `Alt-p` zitakupeleka kwa ndugu wa mbele na wa nyuma. Ikiwa bado hakuna kitu, endesha `hx --health` na jina la lugha uone kama kisomaji chake kipo.

Mwalimu wetu anasema kuhariri kwa muundo kulijaribiwa zamani kukashindwa. Tunapoteza muda? (Raskazone)

Mwalimu anakumbuka kweli, ila ni nusu ya habari. Mwaka 1981 Tim Teitelbaum na Thomas Reps walieleza mfumo wao wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ambamo huandiki `if` herufi kwa herufi: unaita kiolezo, kisha unajaza nafasi zilizo wazi. Programu haikuweza kuvunjika muundo. Tatizo la vihariri vya namna hiyo ni kwamba mtu akiwa kazini huvunja ili ajenge. Anakata hapa, anaacha bano wazi, anakwenda kuleta kipande kingine. Kihariri kinachokataza hatua hiyo ya katikati kinamfunga mikono.

Vya leo vimepita njia nyingine. Faili linabaki maandishi ya kawaida, unaandika utakavyo, na mti unajengwa pembeni na kurekebishwa kila unapobonyeza. Unauita ukiuhitaji, ukiuacha haukuzuii. Paredit ndiyo iliyo karibu zaidi na ukali ule wa zamani, na inavumilika kwa sababu Lisp ni mabano matupu, hakuna hali ya katikati inayohitaji kuachwa wazi kwa muda mrefu. Mwambie mwalimu kilichoshindwa ni kulazimisha.

Tupe faili lako la mipangilio tulinakili. (wengi)

Hapana. Mistari mia nne usiyoielewa itagongana na vitufe ulivyokwisha kuvizoea, na kikiharibika hutajua uanzie wapi. Anza na faili tupu, ongeza mstari mmoja unapoukosa.

Kidole kidogo kinauma kwa ajili ya Ctrl. (Usagara)

Fanya Caps Lock iwe Ctrl. Kwenye Linux yenye mfumo wa madirisha wa X11: `setxkbmap -option ctrl:nocaps`, kwenye GNOME inayotumia mfumo wa Wayland badala yake, tumia programu ya Tweaks. Na bonyeza Ctrl kwa mkono mmoja, herufi kwa mkono wa pili. Maumivu yakiendelea, pumzika na umwone daktari.

Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kazi. Vim imenipa ujumbe mrefu, nikabonyeza `D`. Kazi imerudi? (Pongwe)

Haijarudi. `D` inafuta faili la `.swp`, na humo ndimo kazi yako ilimokuwa. Vim huliandika baada ya kila herufi 200, au sekunde 4 za kutogusa kibodi, kwa hiyo ulikuwa umepoteza kidogo sana mpaka ulipoifuta mwenyewe. Mara nyingine bonyeza `R`, hifadhi kwa jina jingine, linganisha na faili la awali kwa `vimdiff`, na ukiridhika ndipo ulifute lile la `.swp`.