Nilitaka kujitoa chama cha wafanyakazi, nikaishia kuwa katibu wa tawi

Mkuu, unauliza uandike barua ya kujitoa au ubaki upambane humohumo. Nimepita hapo. Miaka tisa kiwandani hapa Dar, chama nilikijua kwa mambo mawili tu: makato kwenye slipu na fulana ya Mei Mosi.

Kwanza ulizia ada ya uwakala, yaani makato ya asiye mwanachama kwa kuwa chama kinamwakilisha naye. Kama chama ndicho chenye wanachama wengi hapo kazini na kimesaini makubaliano ya ada hiyo na mwajiri, ukijitoa utakatwa tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu. Utalipa, ila kura huna. Hilo ndilo lililonibakiza, wala si moyo wa mshikamano.

Nikaenda mkutano wa tawi na hasira zangu. Tulikuwa kumi na mmoja, sita kati yetu kamati. Nikapayuka kuhusu hela zetu, mwenyekiti akanisikiliza kwa upole, akasema "tumelipokea". Baadaye nikaomba kuona muhtasari: sikuwemo hata mstari mmoja.

Mikutano ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Zamu ya usiku wamelala, zamu ya asubuhi wapo mashineni. Sasa akidi ya kumwondoa mtu ungeitoa wapi? Tukaweka kando ugomvi wa hela, tukadai kitu kimoja: mkutano uwe saa nane mchana, zamu zinapopokezana. Walitupiga danadana miezi minne kwa ombi dogo hivyo! Siku ilipokubaliwa, watu walikalia hadi ndoo za rangi.

Hapo tukarudi kwenye hesabu. Sheria hiyohiyo inataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka na mwanachama aweze kuziona. Mwenyekiti yuleyule akaja na makaratasi, jasho linamtoka. Uchaguzi uliofuata niligombea ukatibu, maana kalamu ya muhtasari iko kwa katibu, na ule mstari uliokosekana nilikuwa sijausahau.

Usitegemee miujiza. Kwenye mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri kuhusu mishahara na mazingira ya kazi, tulipata basi la zamu ya usiku; nyongeza ya mshahara ilikuwa kiduchu. Na wawili niliokuwa nao tangu mwanzo walisema nimenunuliwa, kisa nakaa meza moja na watu wa utumishi. Hiyo iliniuma kuliko vita na mwenyekiti.

Kujitoa ni haki yako, na kusitisha makato ya uanachama ni notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, kwa mwajiri na kwa chama. Ila kabla hujaiandika, hebu tuambie, mkutano wenu wa tawi huwa saa ngapi?